Kabla ya kutia sahihi: kobalti ilingoja miezi nane, sisi tunaombwa kujibu leo

Mwezi wa pili wa mwaka 2025 serikali yetu ilifanya jambo ambalo watu wengi wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi hawakulitegemea. Ilisimamisha kobalti. Tangu tarehe 22 ya mwezi ule hakuna kilo iliyopata ruhusa ya kutoka inchi, iwe ya kampuni kubwa yenye mitambo, iwe ile iliyotolewa kwa mikono na kijana wa karieri. Barabara ya Kasumbalesa iliendelea kupitisha makamyo ya shaba, lakini kobalti ilibaki mu madepo.

Sababu ilikuwa wazi. Mwaka 2018 tani moja ya kobalti ilipita dola 90 000 katika soko la London. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa imeanguka mpaka karibu dola 22 000. Na kobalti yote ya dunia, karibu robo tatu inatoka kwetu. Maana yake, mwenye mali mwenyewe alikuwa anaiuza mbio-mbio mpaka anaivunja bei. Ni sawa na mama wa soko anayefungua magunia yake yote ya unga siku moja, kisha anashangaa kwa nini bei ya meka imeshuka.

Kwanza serikali ilisema miezi minne. Miezi minne ilipokaribia kwisha, mwezi wa 6, ikasema bado, ikaongeza mitatu. Mwishoni mwa mwezi wa 9 ikatangaza namna mpya: kuanzia tarehe 16 mwezi wa 10 kobalti itatoka kwa kota, yaani kila mmoja ana kipimo chake. Tani 18 125 kwa miezi iliyobaki ya 2025, tani 96 600 kwa mwaka 2026, na hivyo hivyo kwa 2027. Kabla mwaka haujaisha, bei ilikuwa imepita mara mbili ile ya mwezi wa pili.

Hatuandiki haya kwa kuisifu serikali. Kota zina wakubwa wake na wadogo wake, na tutarudi hapo. Tunaangalia namna uamuzi ulivyochukuliwa. Ulisimama. Uliwekewa tarehe. Ulikuwa na swali moja la kujibu: kiasi gani kinaweza kutoka bila bei kuanguka tena? Tarehe ilipofika na jibu halijaiva, tarehe ilisogezwa mbele ya watu wote. Mwisho jibu lilitoka kwa hesabu, unaweza kulikubali au kulipinga. Kampuni kubwa zilinung'unika, lakini hakuna aliyeambiwa mu saa moja: jibu sasa, ama bahati inakupita.

Sasa tuangalie upande wetu wa meza. Mchimbaji, mke wake, mzee wa pansheni, familia yenye parsele karibu na ukuta wa mgodi: maamuzi makubwa ya maisha yao yanachukuliwa kwa muda gani? Mara nyingi kwa asubuhi moja. Mtu anakuja na karatasi ya Kifaransa yenye kurasa nane, kalamu iko tayari, gari linaunguruma nje. “Papa, sinya leo. Kesho franga itakuwa imeisha.”

Katika makala hii tunataka kusema jambo moja. Ile haraka si tabia yetu, kama wengine wanavyopenda kusema, eti mchimbaji hana akili ya kesho. Haraka ile ina mwenyewe. Iko na faida kwa mtu fulani, na mara nyingi si yule anayetia sahihi.

Wazee wetu wanalijua hili kuliko sisi, kwa sababu walilipia. Mwaka 2003 Gécamines ilikuwa chini kabisa. Kampuni iliyotoa zaidi ya tani 400 000 za shaba kwa mwaka, katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa sasa inatoa chini ya tani 20 000. Wafanyakazi walikuwa hawajalipwa kwa miezi mingi, wengine kufikia miezi 36. Watu waliozoea kusema “Gécamines njo baba, njo mama” walikuwa wanauza viti vya nyumba kwa kununua bukari. Njo pale ilikuja ile operesheni tunayoijua wote kwa jina la depa volontere, kuondoka kwa hiari. Pesa zilitoka Benki ya Dunia. Wafanyakazi 10 655 waliandika majina yao, wakapewa kila mmoja donge moja la dola kulingana na cheo na miaka ya kazi. Kwa wengi lilikuwa dola elfu chache. Wakarudi nyumbani na bahasha.

Neno hiari tuliangalie vizuri. Mtu ambaye hajapokea mshahara kwa miaka mitatu, watoto wamefukuzwa shuleni, mke anatembea kilometa na beseni kichwani kutafuta la kula, huyo ukimwekea dola elfu tatu mbele ya macho na kumwambia orodha inafungwa, je, amechagua? Alivuta pumzi, tu. Hatusemi walidanganywa wote. Tunasema hawakupewa nafasi ya kufikiri, na njaa ilifanya kazi iliyobaki.

Kuna jambo ambalo tumelisikia mara nyingi kwa wale wazee, na tunadhani njo kiini cha habari yote. Siku ile walihesabu franga. Hawakuhesabu vingine vilivyokuwa vinaondoka pamoja na jina lao kwenye orodha. Hopitali ya kampuni, ambako mke alizaa na mtoto alipata dawa bila kutoa kitu. Shule ya kampuni. Mposho, hata kama ulikuwa umekuwa mdogo na wa kuchelewa. Vyote vile havikuandikwa kwenye karatasi kwa hesabu, kwa hiyo jicho la mtu mwenye haraka halikuviona. Mwaka uliofuata, mtoto alipougua, njo hesabu ile ilifanyika, lakini sahihi ilikuwa imekauka.

Wengine walinunua minibasi ya mtumba, ikafa mu miezi sita. Wengine walifungua duka dogo katika kartiye ambamo kila jirani naye alifungua duka dogo, kwa sababu wote walipokea pesa juma moja. Wengine waliingia shamba bila kujua shamba. Ndugu wa mbali walifika kwa wingi, hilo kila familia ya Katanga inalijua. Wengine walijenga vizuri, na nyumba zao zingali zinasimama. Tusiseme wote walipotea. Lakini wengi walirudi kwenye mawe, na watoto wao pamoja nao, safari hii bila kofia ya kampuni. Baadaye wazee wale walipeleka malalamiko yao mpaka Benki ya Dunia yenyewe.

Je, kama wangepewa miezi mitatu ya kufikiri, wangekataa? Hatudhani. Kampuni haikuwa na uwezo wa kuwalipa, na mtu mwenye akili angeondoka tu. Lakini angeondoka akiwa ameuliza mengine. Angeuliza kama pesa inaweza kutolewa kwa sehemu tatu na si kwa bahasha moja. Angeuliza hopitali ibaki wazi kwa familia yake mwaka mmoja. Angeuliza mtoto aliye darasa la sita amalize pale pale. Kupunguza mwendo si lazima kugeuze ndiyo kuwa hapana. Mara nyingi kunageuza maswali, na maswali njo yanageuza bei.

Leo karatasi inayokuja zaidi mu kartiye zetu si ile ya kuondoka kazini. Ni ya kuondoka nyumbani. Kolwezi ni mji uliokaa juu ya madini, na kila mwaka mgodi unasogea hatua moja kuelekea vitanda vyetu. Kasulo tuliiona: mwaka 2014 kobalti ilipatikana chini ya nyumba, watu wakachimba sebuleni, na mwaka 2017 sehemu ya kartiye ikazungushiwa ukuta, familia zikahamishwa. Cité Gécamines ya Kolwezi nayo ilikatwa. Mwaka 2023 Amnesty International pamoja na shirika la hapa kwetu, IBGDH, walitoa ripoti juu ya watu waliofukuzwa kwa ajili ya shaba na kobalti. Walieleza familia ambazo hazikuulizwa vizuri na zilizopewa malipo yasiyotosha kupata nyumba kama ile waliyoacha.

Sheria haiko kimya. Kode ya madini, katika kifungu cha 281, inasema anayepoteza ardhi yake alipwe thamani yake pamoja na nusu ya thamani ile juu yake. Kanuni ya 2018 ina nyongeza nzima, ya 18, inayohusu kuhamisha watu: lazima waulizwe, lazima kuwe na mpango. Kwa hiyo mtu anayekuja na gari linalounguruma hana haki ya kusema kwamba kila kitu kinakwisha leo. Muda wa kuuliza si zawadi ya kampuni. Uko ndani ya sheria.

Lakini nani anajua hivyo saa ile? Tumekaa na familia zilizopita mu hali hii, na namna haraka inavyofanya kazi inafanana kila mahali. Kwanza inakuja habari ya mdomo: “Jirani amekwisha kusinya.” Wakati mwingine ni kweli, wakati mwingine jirani naye aliambiwa hivyo hivyo juu yako. Pili, mume anaitwa peke yake, ofisini au chini ya mti wa shefu wa kartiye, mke akiwa sokoni. Tatu, pesa inaonyeshwa. Si hesabu ya pesa, pesa yenyewe, makaratasi mapya ya dola mia mia. Ukiona noti, kichwa kinahama. Hata sisi tunaoandika haya kichwa chetu kingehama.

Ile hatua ya pili ina dawa ambayo wengi hawaijui. Tangu Kode ya familia ilipogeuzwa mwaka 2016, mume na mke wanapaswa kupatana kabla ya kitendo chochote cha sheria kinachowafunga. Kwa hiyo “nangojea muke wangu arudie toka soko” si udhaifu wa mwanaume, kama vijana wengine wanavyocheka. Ni neno la sheria. Na tuseme ukweli kati yetu: mu nyumba nyingi mama njo anajua bei ya kweli ya kila kitu. Ndiye anayejua kisima cha parsele kinamuokolea franga ngapi za maji kila siku, na mti wa avoka unaleta nini mwezi wa tatu. Baba anajua kuta na mabati. Mkitia sahihi bila mama, mmeuza kisima bure.

Kuna msomaji ambaye sasa anakasirika. Tunamsikia. Anasema: nyinyi wa gazeti mmekula asubuhi, ndiyo maana mnaimba pole pole ndio mwendo. Mimi kama sijauza leo, leo watoto hawali. Ana haki kabisa. Ile methali, na dada yake haraka haraka haina baraka, mara nyingi zinasemwa na mtu aliyeshiba kwa mtu mwenye njaa. Serikali iliweza kusimamisha kobalti karibu miezi minane kwa sababu shaba iliendelea kutoka na kuilisha. Kampuni kubwa ziliweza kungoja kwa sababu zina stoki na benki. Aliyebanwa ni mchimbaji wa mkono, ambaye depo lilimwambia hatununui tena, au tunanunua kwa bei ya huruma. Hapa njo tunaposema kota zina wakubwa na wadogo: muda wa kungoja ulikuwa wa wote, lakini bei ya kungoja haikugawanywa sawa.

Kwa hiyo kungoja ni kitu kinachonunuliwa. Tukilijua hilo, tunaacha kulaumiana na tunaanza kuuliza: tutakinunua kwa nini?

Angalia kikundi cha kawaida cha karieri. Wana negosian anayewapa unga, tochi na pesa ya kamba kabla hawajafika kwenye jiwe. Siku mawe yanapotoka, yanakwenda kwake, kwa bei yake. Mawe yanawekwa chini ya metorex, ile mashine ndogo kama bastola inayosoma kiasi cha madini. Mwenye depo anasoma namba, anakata majimaji, anakata hiki na kile, na kikundi kinapokea kilichobaki. Namba ya metorex ingeweza kuwa nyingine kwenye depo la jirani. Mtu wa kikundi anajua. Ila hawezi kubeba mfuko wake kwenda kwa jirani, kwa kuwa unga wa juma lililopita ulikuwa wa huyu. Haraka yake ilianza siku ile alipopokea unga, si siku ya kuuza.

Tumeona vikundi vilivyopunguza kamba hii shingoni, si kwa maajabu. Kila mmoja anaweka kidogo mu likelemba, lakini likelemba ya namna nyingine: si ya kumpa mmoja zamu yake anunue redio, ni ya unga tu. Kazi yake ni kulisha nyumba za kikundi siku tatu au nne wakati mawe yanapelekwa kupimwa mahali pawili. Siku nne si nyingi. Lakini mtu anayeweza kukaa siku nne bila kuuza anaongea na mwenye depo kwa sauti nyingine, na mwenye depo anasikia. Kuanzisha kitu hiki ni kugumu, pesa ya pamoja inaleta maneno, na mtunza pesa akiwa mlevi yote yanakwisha juma moja. Wamama wa soko wanajua kuitunza kuliko sisi. Vikundi vingine vimeiweka kwao, na hilo tunaona ni akili.

Halafu si kila kitu kinahitaji kungoja, tusije tukawa watu wa mikutano. Mfuko mmoja uliouzwa kwa bei mbaya leo ni hasara ya leo. Kesho utachimba mwingine. Uamuzi wa namna hii uchukue upesi, endelea na kazi. Mchimbaji anajua tofauti kati ya shimo ambalo kamba yake imefungwa juu, na shimo ambalo unateremka kwa kuruka. La kwanza unaweza kulijaribu. La pili, kabla ya kuruka, kaa chini kwanza. Kutia sahihi ya kuondoka kazini, kuuza parsele, kumtoa mtoto shuleni aje kuosha mawe, kuchukua deni kwa dhamana ya nyumba: haya ni mashimo yasiyo na kamba. Njo haya tu tunayoyaombea siku chache.

Na kuna lile shimo lenyewe, la udongo, mu mwezi wa mvua. Mwezi wa 11 mwaka 2025, pale Kalando katika Lualaba, daraja lilianguka na watu wasiopungua 32 walikufa. Kuingia kulikuwa kumekatazwa sababu ya mvua na hatari ya udongo kuteremka. SAEMAPE ilieleza kwamba milio ya risasi ya askari ilileta hofu, watu wakakimbilia daraja, wakaangukiana. Kwa hiyo makosa yana wenyewe zaidi ya mmoja, na sisi hatutupi jiwe kwa marehemu. Tunasema tu hili kwa walio hai: uamuzi wa kushuka au kutoshuka, ukiungoja mdomoni mwa shimo saa kumi na mbili asubuhi, umekwisha kuchukuliwa bila wewe. Wenzako wamesimama nyuma, mmoja amekwisha kuvua viatu, negosian ametuma mtu kuangalia. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema hapana. Kikundi kinachokaa jioni, baada ya kula, na kupatana kwamba ikinyesha usiku kesho hatushuki, hata kama mwingine anashuka, kikundi kile kimechukua uamuzi wake kikiwa na akili baridi. Asubuhi kinabaki kuufuata tu. Ni rahisi zaidi kutii neno la jana kuliko kupigana na uso wa rafiki.

Tusichanganye mambo, lakini. Kungoja peke yake tumekujua sana katika jimbo hili. Wazee wanaongoja mabaki ya mishahara wanazikwa mmoja mmoja. Faili zinazolala ofisini mpaka panya wanazisoma kabla ya mkubwa. Mtu akikwambia “ngojeeni, tunashughulikia” bila tarehe, huyo hajapunguza mwendo, amezima motere. Tofauti iko pale pale tulipoanza na kobalti: kusimama kwa kweli kuna tarehe na kuna swali. Ukimwomba mtu wa kampuni siku tano, mwambie siku tano ni za nini. Ni za kumpelekea mwalimu asome Kifaransa hiki. Ni za mke kurudi kutoka Likasi. Ni za kupima parsele kwa kamba yetu wenyewe, kuhesabu miti, kuuliza bei ya kiwanja huko mnakotupeleka. Siku ya tano jibu litatoka. Mtu anayeombwa hivyo, na bado anakataa, amekwambia jambo kubwa juu ya karatasi yake.

Serikali nayo tuiulize kwa kipimo kile kile. Ilijipa miezi karibu minane kufikiri juu ya bei ya kobalti. Je, iko tayari kuandika kwamba hakuna familia itakayotia sahihi ya kuhama siku ile ile inapoonyeshwa karatasi? Siku kumi na tano za lazima, karatasi ikiwa imeandikwa na kwa Kiswahili, mke na mume wote wakiwa mbele. Haihitaji pesa ya Benki ya Dunia. Wabunge wa jimbo wanaweza kulianzisha jambo hili, na tukiangalia ni mara ngapi wanapita kwenye barabara ya Kolwezi, wanajua tunazungumza juu ya nyumba zipi.

Mu kartiye moja karibu na uzio, mama mmoja aliletewa karatasi ile siku ya pili, mume akiwa zamu ya mchana. Alimkaribisha mgeni, akampa kiti na maji, akaichukua karatasi kwa mikono miwili, akaiweka juu ya kabati. “Murudie siku ya ine,” akasema. “Papa ya batoto atakuwa.” Yule kijana aliongea juu ya jirani aliyekwisha kusinya, akaongea juu ya pesa itakayoisha, akaangalia saa yake. Mama akamwongezea maji. Siku ya ine walirudi, wawili safari hii. Walikuta mume, mke, mwalimu wa shule ya jirani, na daftari la mtoto lenye orodha: vyumba vitatu, kisima, miembe miwili, avoka moja, choo, ukuta wa matofali ya kuchoma. Kisima na miti havikuwemo kwenye karatasi ya kwanza. Kwenye ya pili viliandikwa.